Bei Yake, Njoo Inboksi

*Nina duka la vifaa vya wachimbaji hapa Katoro, mkoani Geita: pampu, mipira ya maji, mikanda ya karasha, beringi, helmeti, taa za kichwani. Tulilifungua na marehemu mume wangu, na watoto wetu wamesomeshwa na duka hilo. Siku hizi mauzo yameshuka. Wateja wangu wa Rwamgasa na Nyarugusu siwaoni kama zamani, na wawili wamefungua maduka kama langu ng'ambo ya barabara. Mtoto wa dada yangu akaniambia biashara ya sasa iko mtandaoni, akaniletea rafiki yake. Nikampa kijana laki tatu, akafungua ukurasa, anaposti picha za duka kila siku. Laiki zinakuja, hata kutoka Dar es Salaam. Wateja hawaji. Sasa ananitaka nisaini mkataba wa miezi sita, laki mbili kila mwezi, anitengenezee tovuti kubwa. Hela ya kikoba ipo, ila nikiitia huko ikapotea sitakuwa na uso wa kuwatazama wenzangu. Usiku silali, nawaza nifunge nihamie Kahama. Nisaidie.*

*Mama Pampu, Katoro*

Mama Pampu, pole sana, na pole zaidi kwa kuubeba mzigo huu peke yako tangu mzee alipoondoka. Nianze na linalokunyima usingizi: hela ya kikoba usiiguse. Ninayokwenda kukueleza hayahitaji mkopo.

Nimezitazama picha za ukurasa wenu ulizonitumia, moja baada ya nyingine. Duka kwa nje. Duka kwa ndani. Rafu ya helmeti. Maneno ni yale yale kila siku: karibuni wateja wetu, ubora ndio jadi yetu. Chini ya picha moja kuna mtu kauliza, “Pampu ya inchi mbili inatoa maji duara la futi 60?” Akajibiwa, “Karibu dukani, mkuu.” Mwingine kauliza bei. Akajibiwa, “Njoo inboksi.”

Mama, huyo wa futi 60 ndiye mteja uliyekuwa unamtafuta. Ana duara, shimo lake la dhahabu, ana maji yanayomzuia kufika kwenye jiwe, na ana simu mkononi. Wewe jibu lake unalijua hata ukiamshwa usingizini, ila aliyeshika ukurasa wako halijui. Hapo ndipo laki zako tatu zilipopotelea. Watu wa Dar es Salaam wanaopenda picha zako hawatapanda basi kuja Katoro kununua mkanda wa karasha, na huyu aliyeko kilomita chache kutoka kaunta yako amejibiwa kama mpita njia.

Kabla ya yote jiulize wateja wako wamekwenda wapi. Biashara ya dhahabu yenyewe haijalala. Mwaka 2025 bei ya dhahabu duniani ilivuka dola 4,000 kwa wakia, na bei ikipanda hata maduara yaliyoachwa hufufuliwa. Pampu zinanunuliwa. Ila Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji. Zamani mtu wa Geita aliyetaka kwenda Mwanza aliwaza foleni ya kivuko, akaona heri amalizane na wewe. Leo anavuka kwa dakika chache. Kwa hiyo mshindani wako mkubwa huenda hata si hao wawili waliofungua ng'ambo ya barabara, ni maduka ya Mwanza yenye bidhaa nyingi na bei ya jumla. Kwa wingi wa mali huwawezi. Unawaweza kwa kitu kimoja: unayajua maji ya Rwamgasa, unajua mwamba unaochakaza mikanda, unajua fundi gani anarudisha pampu ikiwa nzima. Ujuzi huo unautoa bure kaunta kila siku, mteja mmoja mmoja, kisha unapotea hewani. Uandike.

Chukua swali la yule bwana. Pampu ya kukaa juu ya ardhi, hata iwe na injini kubwa kiasi gani, hainyonyi maji kutoka kina chochote unachotaka. Maji hupanda kwenye mpira wa kunyonyea kwa sababu uzito wa hewa ya nje unayasukuma, na uzito huo una kikomo. Usawa wa bahari kikomo ni mita 10 hivi. Kwenu, ambako hata Ziwa Victoria lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi zaidi, na kwa matumizi halisi ukipata mita 6 au 7 umeshukuru. Duara la futi 60 ni mita 18. Basi mchimbaji asiyelijua hili hufanya nini? Ananunua pampu ya petroli, inamshinda, kisha anaifunga kamba na kuishusha shimoni ili iyafuate maji. Injini inawaka chini, moshi unakosa pa kutokea, na kaboni monoksaidi iliyomo humo haina rangi wala harufu. Anayeshuka kuitazama analegea. Anayemfuata kumwokoa analegea juu yake.

Wewe umeshasikia habari za vifo vya namna hiyo kuliko mimi. Sasa tazama nguvu ya maneno machache yakiandikwa na mtu anayeuza pampu hizo hizo:

“Duara lako limezidi futi 20? Pampu ya petroli ya juu haitakutolea maji, usipoteze hela yako. Na usiishushe chini, moshi wake unaua kabla hujaujua. Unahitaji pampu ya umeme ya kuzamisha. Jenereta ikae juu, mbali na mdomo wa duara, upande ambao upepo hautausukuma moshi shimoni. Ukija dukani njoo na mambo matatu: kina cha duara, ukubwa wa jenereta uliyo nayo, na maji yanarudi kujaa kwa muda gani.”

Hapo hujajisifu hata neno moja. Umemkataza mtu kununua pampu isiyomfaa, na ulikuwa nayo rafuni. Atakayeyasoma atamtumia mwenye duara, mwenye duara atawatumia wenzake wa kambi nzima, na jina la duka na namba yako ya simu vitasafiri nayo. Tena huenda ukaokoa roho ya mtoto wa mtu. Mimi ningeliandika hilo hata kama lisingeniletea shilingi.

Biashara ya maneno kubeba jina la duka si ngeni kwetu. Kule Mombasa, Mtaa wa Biashara, lipo duka la kanga lenye asili ya mwaka 1887. Mwanzilishi wake, Kaderdina Hajee Essak, watu walimwita Abdulla, na kanga zake zikatiwa alama ya “Mali ya Abdulla”. Mwanamke hakununua kanga ili amtangaze Abdulla. Aliinunua kwa uzuri wake na kwa maneno yaliyomsemea jambo lake, ampelekee jirani au mume au wifi. Alama ya duka ilikuwa imetulia pembeni, ikaingia harusini na vyumbani mwa wazazi, mahali ambapo mwenye duka asingefika kwa miguu yake. Andika maneno ambayo mchimbaji anayahitaji kwa ajili yake mwenyewe. Jina lako liwe pembeni.

Sasa bei. Najua unaogopa wa ng'ambo wataona na kushusha. Mama, hao wanazijua bei zako tangu zamani, wanamtuma kijana kuuliza. Asiyezijua ni mtu wa kambini anayetaka kujua kama hela aliyonayo inatosha kabla hajalipa bodaboda. Ukimwambia njoo inboksi anadhani utamtazama uso ndipo umpangie. Chukua mfano: huko Virginia, Marekani, kampuni ya kujenga mabwawa ya kuogelea iitwayo River Pools and Spas ilikaribia kufa baada ya msukosuko wa fedha wa 2008. Mmoja wa wenye kampuni, Marcus Sheridan, akaanza mwaka 2009 kuandika majibu ya kila swali ambalo wateja waliwahi kumuuliza. Aliandika hata bei, ambayo wenzake wa kazi hiyo waliificha, na hata kasoro za mabwawa aliyokuwa akiyauza mwenyewe. Watu waliokuwa wanahangaika kutafuta jibu walimkuta yeye. Kampuni ilipona. Wewe vifaa vyako vinaagizwa kutoka nje na bei hupanda na kushuka kwa dola, kwa hiyo weka tarehe: bei ya wiki hii, pampu hii, na mpira wa mita kadhaa, jumla kiasi hiki. Ikibadilika, badilisha, useme kwa nini.

Wapi pa kuandika? Anza palipo na wateja wako tayari, WhatsApp. Fungua ile ya biashara, ni bure, ina sehemu ya kupanga bidhaa na bei. Jibu moja kwa wiki linatosha, likiwa zuri. Liweke kwenye stetasi, kisha liweke na kwenye ukurasa wako ili anayetafuta baadaye alikute. Stetasi hufutika baada ya saa 24. Liandike fupi, maana kambini bando ni la kubana. Kwa wasiopenda kusoma, lirekodi kwa sauti yako, kwa Kiswahili, na kwa Kisukuma pia kama unakijua. Sauti ya mama anayeijua kazi ina uzito ambao picha ya rafu haina. Na duka lako liwekwe kwenye ramani ya Google, jina, simu, saa za kufungua. Nalo ni bure, na mgeni aliyekuja Katoro kwa ajili ya rashi ya dhahabu hamjui mtu.

Halafu kuna hofu ya kutapeliwa, ambayo mwenye duka la kweli huisahau kwa urahisi. Mtu yuko kambini, anaambiwa atume hela ndipo atumiwe mzigo. Ameshaumizwa, au ndugu yake ameumizwa. Kwa hiyo namba ya simu ya mtandaoni iwe ile ile iliyoandikwa juu ya mlango. Lipa namba iwe na jina la duka, lisiwe jina la mpwa. Risiti ya EFD ipigwe picha na kutumwa pamoja na mzigo. Onyesha barabara, onyesha duka la jirani, sema uko mkabala na nini. Duka lenye mlango na kufuli ndiyo dhamana yako. Tapeli hana mahali pa kurudishiwa pampu mbovu.

Huenda pia unaogopa sheria. Woga huo una chanzo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilidai leseni, na ada zake zilizidi shilingi milioni 2. Watu wengi walinyamaza. Tangu hapo kanuni zimerekebishwa, na mkazo wa leseni sasa uko kwa wanaotoa habari na matukio. Kabla hujafungua tovuti piga simu ofisi ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) Kanda ya Ziwa, Mwanza, ueleze unachotaka kuandika, upate jibu lao. Na usiandike habari za rashi mpya, nani kapata mawe wapi, nani kafukiwa. Wengine wana kazi hiyo. Wewe ukiikosea mara moja, hata neno lako kuhusu pampu halitaaminiwa.

Weka daftari kaunta. Kila anayenunua muulize, kwa upole, alikusikia wapi, uandike: jirani, barabarani, WhatsApp, redio. Miezi mitatu ikipita daftari hilo litakuambia mengi ambayo laiki hazikuambii. Ukiona wengi hawana hata simu janja, chukua jibu lako bora upeleke redio za kwenu, kama Storm FM ya Geita, uulize gharama ya dakika chache. Na Maonesho ya Teknolojia ya Madini yanapofika pale Bombambili, nenda na karatasi zilizochapwa, swali na jibu, namba ya duka chini. Karatasi hukunjwa ikawekwa mfukoni.

Kuhusu Kahama, sikuoni ukipata huko usichokipata Katoro. Huko utakuwa mgeni kati ya wafanyabiashara waliozoeleka, bila wateja wanaokujua kwa jina. Na mji wenye mgodi una mabadiliko yake. Mgodi wa Buzwagi wa huko ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kufika 2021 uchimbaji ulikuwa umekwisha. Subiri daftari liseme.

Mkataba wa miezi sita usiusaini. Lakini kijana usimfukuze kwa hasira, wala usimlaumu mpwa wako, alitaka kukusaidia. Mwite kijana, mweke kiti nyuma ya kaunta Jumamosi nzima, siku ya wateja wengi. Kila swali linaloulizwa aliandike, na kila jibu lako aliandike kwa maneno yako, asilipambe. Jioni msome pamoja, mchague moja. Mlipe kwa kila jibu lililokamilika na kutumwa, kiasi mtakachokubaliana, siyo kwa mwezi. Akikataa, mpwa wako anajua kuandika, na wewe unajua kusema. La kwanza mtume wiki hii, lile la duara la futi 60, na mpeni yule bwana jibu lake.