SAFARI YA KIKUNDI MJINI: MPIRA NI DAKIKA 90, MPANGO NI SIKU TATU



Somo letu la leo ni juu ya starehe. Usicheke. Starehe nayo ina hesabu zake, na asiyezijua hurudi nyumbani na madeni badala ya furaha. Sisi tuliopitia kisomo tunajua kuandika barua, kusoma risiti na kujumlisha fedha za kikundi. Basi elimu hiyo hiyo tuitumie kupanga safari ya mwisho wa juma, ya kwenda mjini kutazama mpira na kusikiliza muziki.

JUMAMOSI MBILI ZA KUKUMBUKA

Tarehe 8 Mei 2021 ilikuwa Jumamosi. Simba na Yanga zilikuwa zicheze katika Uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, saa 11 jioni. Siku hiyo hiyo ikatangazwa kwamba mchezo umesogezwa mpaka saa 1 usiku. Yanga walifika kwa saa ya kwanza, kisha wakaondoka. Simba walifika kwa saa ya pili. Mchezo haukuchezwa. Ulikuja kuchezwa tarehe 3 Julai, Yanga wakashinda bao 1 kwa 0.

Tarehe 8 Machi 2025 ilikuwa Jumamosi pia. Simba walisema kwamba usiku uliotangulia walizuiwa kufanya mazoezi katika uwanja huo, na kwa hiyo hawachezi. Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo siku ile ile. Ulichezwa tarehe 25 Juni, Yanga wakashinda 2 kwa 0. Tazama kalenda: tarehe 25 Juni 2025 ilikuwa Jumatano, siku ya kazi.

Nani alikosea? Hilo tuwaachie washabiki wabishane kijiweni. Sisi tuulize jambo jingine. Mtu aliyetoka Makambako Ijumaa alfajiri, akalipa nauli, akalipa chumba, akaacha shamba lake la viazi, Jumamosi ile alifanya nini? Kama safari yote aliitundika juu ya mchezo mmoja, alirudi mikono mitupu.

Hili ndilo somo letu: mpango mzuri ni ule ambao mechi ikikosekana, safari bado ipo.

KIKAO CHA KWANZA

Tuchukue mfano wa kikundi cha watu 20 hapa Makambako, wanaume 12 na wanawake 8. Wameweka akiba miezi kumi. Sasa wamekaa kikao.

Mwenyekiti: Jamani, fedha zipo. Sasa twende wapi?

Kijana: Mwenyekiti, hilo nalo la kuuliza? Dar! Simba na Yanga!

Mzee: Mwanangu, Dar ni mbali. Mbeya je? Pale Sokoine mpira upo, na kwenda ni saa chache tu.

Mama: Mimi nina neno. Mchango tumetoa sawa, akina mama na akina baba. Lakini naona karatasi imeandikwa mpira, bia, mpira. Sisi wengine tunakwenda kulinda mabegi?

(Watu wakacheka.)

Katibu: Mama, sema unachotaka, niandike.

Mama: Andika bahari. Nina miaka hamsini, bahari naiona kwenye kalenda tu. Halafu andika muziki wa dansi, ule wa zamani. Kucheza najua.

Kijana: Shikamoo, mama! Kumbe!

Umeona, msomaji? Mama huyu amekisaidia kikundi kuliko alivyojua. Mwanzoni safari ilikuwa na sababu moja, sasa ina tatu: mpira, bahari na dansi. Moja ikianguka, mbili zimesimama.

Na mzee naye tusimpuuze. Mpira mzuri hauko Dar es Salaam peke yake. Hapa mkoani kwetu Njombe Mji ilicheza Ligi Kuu msimu wa 2017/18, na timu kubwa zikaja kucheza Uwanja wa Sabasaba, Njombe. Mbeya City ilipoingia Ligi Kuu msimu wa 2013/14 ilimaliza nafasi ya tatu, mbele ya Simba. Kikundi chenye fedha kidogo kianze na Mbeya au Iringa. Hakuna aibu. Mpango ni ule ule, safari tu ndiyo fupi.

HESABU KABLA YA SAFARI

Kikundi chetu kimechagua Dar es Salaam. Katibu ameandika hesabu ya mtu mmoja. Bei hizi ni za mfano. Kabla hujasafiri uliza bei za wakati huo.

Nauli ya basi, kwenda na kurudi: shilingi 80,000
Kulala usiku 2: shilingi 20,000
Chakula siku 3: shilingi 30,000
Nauli za mjini: shilingi 8,000
Kiingilio cha mpira: shilingi 5,000
Kiingilio cha muziki: shilingi 10,000
Akiba ya dharura: shilingi 17,000
Jumla: shilingi 170,000

Kwa watu 20 ni shilingi 3,400,000. Ukigawa 170,000 kwa miezi 10, kila mtu anaweka 17,000 kwa mwezi.

Angalia mambo mawili hapo. Kwanza, kiingilio cha mpira ni 5,000 tu katika 170,000. Kumbe mechi ikikosekana, fedha nyingi zimeshatumika kwa mambo mengine, na mambo hayo tunaweza kuyafaidi. Pili, akiba ya dharura si fedha ya bia. Ni fedha ya mtu akiugua, au basi likiharibika njiani mkalala Morogoro. Isipotumika, inarudishwa kwa kila mtu mkifika nyumbani.

Bia, soda za ziada na zawadi za watoto kila mtu ajilipie mwenyewe. Mkichanganya, asiyekunywa atamlipia anayekunywa, na ugomvi utaanzia hapo.

NJIA NA MALAZI

Makambako ni njia panda. Anayetoka Njombe mjini husafiri kama kilomita 60 kufika hapa, kisha barabara kuu inamchukua kupitia Mafinga, Iringa, Milima ya Kitonga, Mikumi na Morogoro. Kutoka Makambako mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600. Ni safari ya kutwa nzima.

Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Hata hivyo, kwa kikundi chenye wazee, basi la asubuhi ni bora. Utaona Kitonga kwa macho, na pale Mikumi barabara inapita ndani ya hifadhi, huenda ukaona tembo na twiga bila kulipa kiingilio.

Tiketi kateni ofisini kwa basi lenyewe, si kwa mpiga debe. Isome kabla hujaondoka dirishani: jina, tarehe, saa, namba ya kiti na nauli. Kukosea tarehe ni kosa dogo la kalamu, lakini hugharimu nauli nzima.

Mabasi ya mikoani hufika Kituo cha Magufuli, Mbezi, kilichofunguliwa mwaka 2021. Zamani yalifika Ubungo, kwa hiyo ndugu aliyekwenda Dar miaka ya nyuma asiwapoteze. Uwanja wa Mkapa uko Temeke, mbali na Mbezi. Nyumba ya wageni tafuteni upande wa Temeke au Kariakoo, ili usiku msihangaike na usafiri. Mpigieni simu mwenye nyumba mapema. Vyumba 10 vya watu wawili wawili, 6 vya wanaume na 4 vya wanawake, kwa shilingi 20,000 kila kimoja, ni 200,000 kwa usiku mmoja.

UWANJANI

Uwanja wa Mkapa ulifunguliwa mwaka 2007 na una viti 60,000. Watu 60,000 ni wengi. Ukipotea humo, kumpata mwenzako ni kazi. Kwa hiyo:

1. Jigaweni makundi manne ya watu watano watano. Kila kundi liwe na kiongozi mwenye simu iliyojaa chaji.
2. Chagueni mahali pa kukutana nje baada ya mchezo. Paandikeni kwenye karatasi, kila mtu awe nayo mfukoni pamoja na jina la nyumba ya wageni.
3. Tiketi zinunuliwe mapema kwa mawakala wanaojulikana. Uwanja huu hutumia kadi, iitwayo N-Card. Ukifika mlangoni na fedha mkononi, walanguzi watakufurahia wewe.
4. Ingieni mapema, saa tatu au nne kabla ya mchezo.
5. Simba na Yanga mkiwa kikundi kimoja, kubalianeni hivi: utani ruksa, matusi marufuku. Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936. Zimetaniana miaka yote hiyo na bado zipo. Nanyi mrudi bado ni ndugu.

JIONI YA MUZIKI

Jiji la Dar es Salaam lina muziki wa kila namna. Vijana watasikia bongo fleva na singeli, na wapenzi wa pwani watatafuta taarabu. Mama yetu wa kikao anataka dansi. Hapo majina makubwa ni mawili: Msondo Ngoma, ambayo chimbuko lake ni NUTA Jazz ya mwaka 1964, na Mlimani Park, yaani Sikinde, iliyoanzishwa mwaka 1978. Bendi hupiga kwa ratiba yake, leo ukumbi huu, kesho ule. Pigeni simu wiki ile ile kuuliza. Msiende kwa mazoea ya mtu aliyekwenda zamani.

Kwenda muziki kuwe Jumamosi, si Ijumaa. Ijumaa mmetoka barabarani, mtasinzia ukumbini na kiingilio mmelipa. Na kwa kuwa basi la kurudi ni la Jumapili asubuhi, saa 6 usiku wote muwe mmerudi. Mwenyekiti asiseme "tutaangalia huko huko". Saa iandikwe.

Mambo mengine ya jioni:

Beba fedha za jioni hiyo tu. Nyingine iache kwa mweka hazina, aliyebaki na daftari.

Usitembee peke yako. Watu wawili wawili ndiyo kanuni, kwa wanaume na kwa wanawake.

Kinywaji ulichokiacha mezani usikirudie. Nunua kingine.

Bia ya mjini si ulanzi wa nyumbani. Kwenu ukilewa, jirani anakufikisha mlangoni. Mjini anayekufikisha hukumjua jana.

Jambo la mwisho tulisema waziwazi, maana kunyamaza hakumsaidii mtu. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba mkoa wetu wa Njombe ndio wenye maambukizi mengi ya virusi vya Ukimwi kuliko mikoa yote nchini: asilimia 12.7 ya watu wa miaka 15 na zaidi. Hiyo ni karibu mtu mmoja katika kila wanane. Mtu anaweza kuvichukua mjini, na anaweza kuvipeleka. Kuwa mwaminifu kwa mwenzi wako. Ukishindwa, tumia kondomu. Anayetumia dawa asizisahau nyumbani, azibebe za siku zote tatu na za ziada.

MECHI IKIAHIRISHWA

Sasa turudi kwenye Jumamosi zile mbili. Kikundi chetu kimeandika ukurasa wenye kichwa "Mechi isipochezwa". Unasomeka hivi:

Asubuhi: Kwenda Soko la Samaki la Feri, kisha kupanda pantoni mpaka Kigamboni. Bahari itaonekana bila kuulizia.

Mchana: Makumbusho ya Taifa. Au ufukwe wa Coco, kula mihogo ya kukaanga.

Jioni: Mpira wa mchangani. Temeke na Kinondoni hazikosi viwanja vya mtaani vyenye mechi za jioni. Pale unasimama karibu na mstari, unasikia wachezaji wanavyoitana. Kiingilio ni kidogo au hakipo. Mchezaji wa leo mchangani huenda akawa wa Ligi Kuu kesho.

Usiku: Dansi, kama ilivyopangwa.

Aidha wameandika kanuni moja: mechi ikisogezwa mbele kwa siku, kikundi hakibaki kuingoja. Basi la Jumapili ni la Jumapili. Anayetaka kubaki anabaki kwa fedha zake, na anatia saini.

Soma ukurasa huo tena. Je, hiyo ni siku iliyoharibika? Mama yetu atarudi Makambako ameiona bahari na amecheza dansi. Kijana atakuwa na la kusimulia. Mzee atasema, "Niliwaambia Mbeya." Na fedha zitakuwa zimefanya kazi yake.

KUMBUKA

Sikilizeni wote kabla ya kuandika. Andikeni kabla ya kulipa. Someni risiti kabla ya kuondoka. Mkirudi, mweka hazina asome mapato na matumizi mbele ya kikao. Penye shida ya polisi njiani au mjini, namba ya dharura ni 112.

MANENO YA SOMO

Kuahirisha: kusogeza jambo mpaka siku nyingine.
Kiingilio: fedha ya kuingilia uwanjani au ukumbini.
Dharura: shida inayotokea ghafla.
Mchangani: mpira wa mtaani, nje ya ligi kubwa.
Mlanguzi: anayenunua tiketi ili aziuze kwa bei ya juu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mama alisaidia kikundi aliposema "andika bahari"?
2. Watu wawili wamejitoa, wamebaki 18. Kila mtu bado anatoa 170,000. Jumla ni shilingi ngapi?
3. Nauli ikipanda kwa shilingi 5,000 kila upande, akiba ya dharura itabaki kiasi gani kwa mtu mmoja?
4. Kaeni watu watano. Andikeni ukurasa wenu wa "Mechi isipochezwa" kwa safari ya Mbeya au Iringa.
5. Je, ni haki asiyekunywa pombe kuchangia vinywaji vya wenzake? Toeni sababu.