Vumbi la paa la asbesto ni hatari kwa mapafu

Paa la nyumba likianza kuvuja, mwenye nyumba humwita fundi. Fundi hupanda na nyundo, akayapasua mabamba ya zamani na kuyaangusha uani. Vijana wa mkono huyazoa kwa sepetu, kisha hufagia masalio. Kufikia saa saba kazi imekwisha. Wapangaji wanafurahia mabati mapya na watoto wanachezea vipande vilivyobaki. Lakini ikiwa mabamba hayo yalikuwa ya asbesto, huenda asubuhi hiyo moja imewavutisha vumbi baya kuliko miaka yote ambayo paa hilo lilikaa juu ya vichwa vyao.

Asbesto ni nini hasa? Ni mawe yanayochimbwa ardhini ambayo yakipondwa hutoa nyuzi nyembamba mno. Nyuzi hizo haziungui wala haziozi, na zikichanganywa na simiti huipa nguvu. Katika bamba la kawaida la paa, nyuzi ni takriban sehemu moja kwa kumi, na kilichobaki ni simiti inayozishikilia. Kuna pia mabamba laini yaliyotengenezwa kwa ajili ya dari na kuta za kuzuia moto. Hayo yana nyuzi nyingi zaidi, tena hazikushikwa imara. Kutoboa tundu la waya wa taa tu kunatosha kutoa vumbi.

Madhara huanzia puani. Nyuzi nyingine ni ndogo hata hazionekani kwa macho, na zikivutwa hufika ndani kabisa ya mapafu. Mwili hujaribu kuziyeyusha na kushindwa. Baada ya miaka, mapafu hujaa makovu na kuwa magumu, na mgonjwa huanza kutweta hata akipanda ngazi chache. Huo ni ugonjwa wa asbestosisi, ambao huwapata hasa waliovuta vumbi jingi kwa muda mrefu. Aidha, asbesto huleta saratani ya mapafu, na kwa mvutaji sigara hatari hiyo huongezeka maradufu na zaidi.

Saratani nyingine, mesothelioma, hushika utando unaozunguka mapafu, na ni nadra mgonjwa kupona. Mwaka 1960, Dkt J. C. Wagner na wenzake walieleza visa 33 vya saratani hiyo kutoka eneo la Cape nchini Afrika Kusini, kulikochimbwa asbesto ya samawati. Baadhi ya wagonjwa hawakuwahi kushika kazi mgodini. Waliishi karibu tu.

Kinachowadanganya wengi ni muda. Magonjwa haya huchukua miaka 20, 30 au hata 40 kujitokeza. Fundi wa miaka 25 atakuambia amevunja paa nyingi na hajapata hata kikohozi. Anasema kweli, lakini bado ni mapema.

Hapa Kenya, kanuni za taka zinahesabu asbesto kuwa taka hatari. Anayetaka kuiondoa hupaswa kuijulisha mamlaka ya mazingira, NEMA, na kutumia watu na magari yenye leseni. Mabamba hulowanishwa kwa maji, hufunguliwa mazima bila kupasuliwa, hufungwa kwa plastiki nzito na kuzikwa mahali palipoidhinishwa. Gharama si ndogo, na hapo ndipo wenye nyumba wengi huamua kumwita fundi wa nyundo. Wanaolipia akiba hiyo ni wapangaji na fundi mwenyewe.

Je, uhame nyumba yenye paa la asbesto? La. Bamba zima lisilochakaa, ambalo halikatwi wala kukwaruzwa, hutoa nyuzi chache sana. Liache lilivyo. Usilisugue kwa brashi ya waya kutoa kuvu, usilikate kwa msumeno, wala usitumie vipande vyake kujengea banda la kuku au kuziba mashimo ya njia. Kitambaa cha kufunika pua hakizuii nyuzi hizi. Kuhusu maji ya mvua, Shirika la Afya Duniani linasema hakuna ushahidi thabiti kwamba nyuzi zinazomezwa hudhuru. Hatari iliyothibitishwa ni ya kuvuta hewani.

Nguo za kazi nazo zisisahaulike. Wake wa wafanyakazi wa asbesto katika nchi mbalimbali wamepata mesothelioma kwa kukung'uta na kufua ovaroli za waume zao.

Ikiwa uliwahi kufanya kazi ya ujenzi au ya kubomoa majengo, hata kama ni zamani, na sasa una kikohozi kikavu kisichoisha au pumzi fupi, mweleze daktari kazi hiyo. Asipoambiwa, ni rahisi adhani ni pumu au kifua kikuu.