Sanduku dogo linalolisha kifungo chekundu

Kiwanda cha umeme cha Mwadingusha, kinachotumia maji ya ziwa Tshangalele, kilianza kazi mwaka 1930. Lakini radi ya wakati wa mvua haiheshimu uzee, na umeme hukatika.

Fikiri basi: mkanda wa kubeba mawe umesimama. Mwenzako anaingia chini kuondoa matope. Umeme unarudi. Je, mkanda utaanza wenyewe?

Hapana, kama kifaa cha usalama ni kizima. Umeme ukikatika kinasimamisha mkanda, na ukirudi kinangoja mtu abonyeze. Lakini kifaa hicho hula volti 24 tu, na sanduku dogo ndilo linaloshusha umeme wa 220. Usichukue lolote lililobaki katika depo! Likiungua ndani, sanduku baya hupitisha 220 nzima. Kifaa kinaharibika, na siku hiyo unabonyeza kifungo chekundu bure. (Mama nyumbani ameona shaja ya simu ya bei rahisi ikitoa moshi. Ni ndugu yake.)

Soma kibandiko: tafuta herufi PELV au SELV. Hilo limetengwa vizuri na umeme mkubwa, na hata likipata hitilafu moja halipitishi zaidi ya volti 60. Kisha jumlisha ampea za vifaa vyote: vikila 4, usinunue la 4, nunua la 5 au zaidi.

King'ora na taa za kutokea wakati wa hatari ni habari nyingine: hivyo vipewe batri, maana vinatakiwa kufanya kazi gizani.