Wanafunzi na Nyumba za Nia Moja



Baada ya darsa ya juma lililopita, watu walipokwisha kutawanyika, jirani yangu mmoja alinibakisha akanieleza khabari iliyokuwa ikimkosesha usingizi. Binti yake amepata nafasi ya kusoma katika chuo kikuu kimoja huko Marekani, na katika karatasi alizoletewa ametakiwa achague nyumba ya kukaa. Ziko nyumba za wanafunzi wote kwa jumla, na ziko nyumba zilizotengwa kwa watu wenye nia moja: hii ya wajifunzao Kifaransa, hii ya wapendao muziki, na hii ya wanaotaka kuzijua historia na mila za watu weusi. Binti amechagua hii ya mwisho, ambayo, kwa ajabu, ina jina la Kiswahili. Baba akaniuliza, “Sheikh, je, huku si kujitenga? Nampeleka mwanangu akauone ulimwengu, naye akajifungie na watu wa rangi yake?”

Swali hilo ni la haki, nami sikulijibu usiku ule. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyapata baada ya kulitazama.

Kwanza yatupasa tujue kuwa jambo hili si jipya, wala si Wamarekani waliolizua. Al-Azhar ya Misri, ambayo msikiti wake ulianza kujengwa mwaka 970, ilikuwa na riwaqi zake. Riwaqi kwa asili ni ukumbi wa nguzo kando ya msikiti, lakini huko likawa ni jina la makao ya wanafunzi kwa kadiri ya nchi walizotoka. Palikuwa na riwaqi ya watu wa Sham, na ya Wamaghribi, na ya Waturuki, na ya watu wa Saidi ya Misri. Na palikuwa na riwaqi ya Jabarti, ya Waislamu waliotoka pande za Uhabeshi na Zeila, jirani zetu hawa. Riwaqi ilikuwa na sheikh wake wa kuiangalia, na wakfu wa kuiendesha, na mikate iliyogawiwa wanafunzi kutokana na wakfu huo. Kijana aliyewasili Kairo hana amjuaye alipata pahali pa kuweka mzigo wake, na watu wa kumfahamu lugha yake, na mkubwa wa kumkanya akikosea.

Lakini tutazame vizuri mpango ule ulivyokuwa. Usiku mtu alilala kwa watu wa kwao. Mchana alikwenda kuketi mbele ya mwalimu penye nguzo, na huko aliyekuwa ubavuni mwake huenda alikuwa mtu wa Halab au wa Fasi. Makao yalikuwa mbalimbali, elimu ilikuwa moja. Na ukitaka kujua kama kukaa vile kuliwafungia watu, mtazame Abdulrahman al-Jabarti. Ukoo wake ndio ulioshika usheikh wa riwaqi ya Jabarti kwa vizazi, naye ndiye aliyeandika tarikh ya Misri ya zama zake, pamoja na kuingia kwa Wafaransa mwaka 1798, hata leo hapana mwanachuoni wa tarikh hiyo awezaye kumpita bila ya kumsoma. Mtu wa nyumba ya wageni ndiye aliyewaandikia wenyeji khabari zao.

Baadaye, katika miaka ya 1950, Wamisri walijenga mji mzima wa wanafunzi wageni, ambamo mataifa mengi hukaa pamoja, na baadhi ya vijana wetu wa pwani waliosoma huko waujua. Huo ni mpango mwingine, nao una kheri zake.

Sasa twende Marekani. Mwaka 1927 mwalimu mmoja mashuhuri, Alexander Meiklejohn, alianzisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin chuo kidogo cha majaribio. Aliwakalisha wanafunzi wanaume pamoja na masomo yao katika bweni moja. Mwaka wa kwanza walisoma Athens ya kale, siasa yake na ushairi wake na falsafa yake, na mwaka wa pili wakasoma Marekani yao wenyewe. Walikula pamoja, wakabishana usiku juu ya walichokisoma mchana, na walimu wao walikuwa karibu nao. Fikira yake ilikuwa kwamba mtu hasomi darasani tu. Husoma mezani pia, na ngazini, na katika maneno ya kabla ya kulala. Chuo kile kilifungwa mwaka 1932. Wanafunzi wa kujiunga walipungua, hali ya fedha nchini ilikuwa mbaya, na wenye mabweni mengine waliwaona wale kuwa watu wa ajabu, wachafu na wenye kiburi. Fikira yenyewe haikufa. Nyumba nyingi za nia moja katika vyuo vya leo zimetokana na fikira kama hiyo. Na jirani ya hayo ni mpango wa Middlebury, katika jimbo la Vermont, ambako tangu mwaka 1915 watu hukusanyika wakati wa kiangazi kujifunza lugha, na desturi ya huko ni kuweka ahadi ya kutosema ila lugha hiyo moja. Sisi tuliosomeshwa Kiarabu kwa miaka mingi, na tukifika Jedda tukashindwa kuulizia njia, twafahamu faida yake.

Lakini nyumba za watu weusi zina asili nyingine, na hapa ndipo napenda tukae kidogo.

Katika Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York, wanafunzi weusi walikuwa wachache mno mpaka miaka ya 1960. Mwezi wa Aprili 1969, mbele ya nyumba iitwayo Wari, waliyokuwa wakikaa wanafunzi wanawake weusi, msalaba ulitiwa moto. Huko kwao hiyo si alama ya dini, bali ni kitisho cha wauaji wa watu weusi, na kila mtu akijua maana yake. Tarehe 19 ya mwezi huo wanafunzi weusi waliliteka jengo la Willard Straight, na mambo yakakaribia kuwa ya damu kabla ya kusuluhishwa. Na mwaka 1972 chuo hicho kikafungua nyumba ya wanafunzi kwa jina la Ujamaa.

Neno hilo twalijua sote. Mwalimu Nyerere aliliandikia kitabu kidogo mwaka 1962, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 likalitangaza duniani. Tena kabla ya Azimio, mwaka 1966, Maulana Karenga wa California alilitia katika misingi saba ya sikukuu ya Kwanzaa. Stanford nako iko nyumba ya Ujamaa, na Brown iko nyumba ya Harambee. Watu waliochukuliwa kwa pingu kutoka Afrika ya magharibi, ambako Kiswahili hakisemwi, walipotaka jina la nyumba walikuja kulitwaa kwetu. Na jamaa nalo, kama wajuavyo wanafunzi wa nahau, latokana na Kiarabu, katika maana ya kukusanya. Sijui kama sisi wenye neno twalithamini kadiri ile.

Jirani yangu aliogopa kujitenga, na si yeye peke yake. Katika Marekani yenyewe wamekuwako watu, na baadhi yao ni weusi waliopigania haki, waliosema kuwa nyumba hizi zinarudisha mlangoni ule ubaguzi uliofukuzwa kwa taabu. Katika miaka ya 1990 walishitaki nyumba za Cornell kwa serikali, na serikali haikuona kwamba sheria imevunjwa. Nyumba haikuwa ya kulazimishwa, wala mlango haukufungwa kwa rangi ya mtu.

Wala hao wenye hoja nisiwadharau, kwani yako yaliyotukia. Mwezi wa Oktoba 1988, katika nyumba ya Ujamaa ya Stanford, ambayo weupe nao walikaa, wanafunzi walibishana juu ya Beethoven, yule mtunzi wa muziki wa Ujerumani, kama ana asili ya Kiafrika au hana. Baada ya ubishi, weupe wawili walichukua picha ya Beethoven wakaichora ikawa sura ya kumdhihaki mtu mweusi, wakaitundika. Pakatokea mikutano na machozi na hasira, na hao wawili wakaondoshwa nyumba ile. Wengine husema kisa hiki chaonyesha ubaya wa nyumba hizi. Mimi naona kinyume. Dhihaka kama hiyo husemwa kila siku katika mabweni ya watu wote, na anayedhihakiwa, akiwa peke yake, humeza akanyamaza. Pale palikuwa na watu wa kusema hapana, na pakawa na majibu mbele ya chuo kizima.

Ninalolichelea mimi ni jingine, nalo ni nyumba yenye jina na isiyo na kazi. Vijana wetu wa Mombasa na Malindi wasomao Nairobi hukodi nyumba saba au wanane pamoja, wakasema wanakaa kama ndugu. Nimewatembelea. Wanachoshirikiana ni kodi, na sufuria, na mpira wa miguu katika televisheni. Hapana darsa, hapana mkubwa, na aliyeshindwa na mtihani hapana aliyejua mpaka alipofukuzwa. Basi kutoka kwao hawakutoka, na faida ya kuwa kwao hawakuipata. Riwaqi bila ya sheikh na bila ya nguzo ya kwenda kuketi asubuhi ni gesti tu.

Kwa hiyo nilimwambia jirani yangu asimkataze binti, bali amwambie aulize. Ni nani aruhusiwaye kukaa humo? Yuko mlezi anayelala hapo, au ni jina tu katika karatasi? Wakazi hufanya nini pamoja kila juma, na masomo yao husoma na nani? Na mambo ya wanawake na wanaume, na ya jikoni, yamepangwaje? Hilo la mwisho baba hakulitaja kwangu, lakini nilijua ndilo lililomlaza macho.

Juzi alinijia na majibu katika simu yake. Mlango u wazi kwa mwanafunzi yeyote. Ghorofa moja ni ya wanawake peke yao, na jiko lina rafu ya wasiokula nguruwe. Kila mkazi huhudhuria darasa moja la nyumba kwa juma, na masomo mengine yote ni pamoja na chuo kizima. Na mlezi wa nyumba, alipojua kuwa msichana atoka Mombasa, ameongeza mstari wa mwisho: wamekaa na jina hili miaka mingi wala hawana hakika kama walitamka sawasawa, basi je, atakapofika, atawafundisha?