Utafiti wa saratani: mchango wetu ni upi?



Katika familia nyingi za Nachingwea na Ruangwa, ugonjwa wa saratani, ambao wengi wetu tunauita kansa, bado unatajwa kwa sauti ya chini. Mgonjwa hupelekwa zahanati, pengine na kwa mganga wa kienyeji, kisha hospitali ya Nyangao au Ndanda, na mwisho, nauli ikipatikana, Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam. Wengine hawafiki huko. Hufariki nyumbani, wakazikwa, na hakuna daftari lolote linaloonyesha waliugua nini.

Mwezi huu tunapenda tujifunze jambo moja. Tiba na chanjo za saratani tulizonazo zilipatikana kwa sababu hospitali nyingi zilikubali kuweka taarifa zao pamoja, kuna waliotoa fedha, na familia za kawaida zilikubali ndugu zao waandikwe na kufuatiliwa. Je, na sisi tunaweza kuchangia nini?

1. Tujifunze kutoka ghalani

Wakulima wa wilaya zetu wanajua faida ya kukusanya pamoja. Mkulima mwenye magunia matatu ya korosho hawezi kuitisha mnada peke yake. Lakini mzigo wake ukipimwa na kuandikwa katika chama cha msingi, kisha ukaunganishwa na mizigo ya Ruangwa, Nachingwea na Liwale chini ya chama kikuu cha RUNALI, wanunuzi wanakuja. Na karani akiandika kilo ovyo, hasara inatupata wote.

Taarifa za saratani nazo ziko hivyo. Daktari anayeona wagonjwa watatu wa uvimbe wa aina moja kwa mwaka hawezi kusema kama ugonjwa huo unaongezeka, unawapata watu gani, au dawa ipi inafaa zaidi. Akiunganisha taarifa zake na za wenzake wa hospitali hamsini, majibu yanaanza kuonekana.

2. Mfano wa kwanza: uvimbe wa taya kwa watoto

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago huko Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alimwona mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baada ya muda mfupi akamwona mwingine kama huyo katika hospitali nyingine. Hakuishia kushangaa. Alituma vipeperushi vyenye picha kwa hospitali za serikali na za misioni katika Afrika, akiuliza: je, na ninyi mnawaona watoto kama hawa? Mwaka 1961, pamoja na madaktari wenzake Edward Williams na Clifford Nelson, alisafiri kwa gari karibu kilometa 16,000 kutoka Uganda kuelekea kusini mwa Afrika, akipita hospitali moja baada ya nyingine.

Majibu yalipowekwa kwenye ramani, ilionekana kwamba ugonjwa huo unapatikana zaidi katika nchi zenye joto na mvua, yaani mahali penye malaria nyingi, na kwamba eneo lake linashuka kwa ukanda wa pwani ya mashariki hadi Msumbiji. Fedha za kazi hiyo zilikuwa kidogo. Kilicholeta matunda ni wahudumu wa hospitali za mbali waliokubali kufungua madaftari yao.

Mwezi Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na mtafiti Anthony Epstein alikuwa miongoni mwa waliomsikiliza. Vipande vya uvimbe vikaanza kupelekwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Epstein alipata dola 45,000 kutoka Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, na mwaka 1964 yeye na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, walitangaza kwamba wameona virusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Hivyo vilikuwa virusi vya kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Kazi haikuishia hapo. Kuanzia mwaka 1972, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilichukua damu za watoto wapatao 42,000 katika eneo la West Nile, Uganda, na kuwafuatilia. Kati ya mwaka 2010 na 2016, Uganda, Kenya na Tanzania zilishirikiana katika utafiti mwingine wa ugonjwa huohuo. Kwa upande wetu ulihusisha hospitali ya Shirati na ile ya Bugando, Mwanza, ambayo ni ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania.

Leo tunajua kwamba karibu kila mtu huambukizwa virusi hivyo bila kupata saratani. Hatari huongezeka kwa mtoto anayeshambuliwa na malaria mara kwa mara. Tunajua pia kwamba ugonjwa huu hukua upesi sana, lakini dawa zinaweza kuuponya ukiwahiwa. Hivyo, wazazi, mtoto akivimba taya au tumbo na uvimbe ukaongezeka siku hadi siku, msikae nyumbani mkisema ni jino. Mpelekeni hospitali mara moja.

3. Mfano wa pili: chanjo ya binti zetu

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowapata zaidi wanawake wa Tanzania. Husababishwa na virusi viitwavyo HPV, na kuna chanjo yake. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na kila mmoja alitakiwa kuchanjwa mara mbili. Kurudi mara ya pili kulikuwa na taabu: msichana amehama shule, au chanjo haikufika kwa wakati.

Ikaulizwa: je, dozi moja haitoshi? Kuanzia mwaka 2017 wasichana 930 wa Mwanza, wenye miaka 9 hadi 14, walishiriki katika utafiti kwa ridhaa yao na ya wazazi wao. Waligawanywa kwa makundi ya dozi moja, mbili au tatu, kisha damu zao zikapimwa kwa vipindi. Lakini watafiti wa Mwanza peke yao wasingeweza kumaliza swali hilo. Walilinganisha kinga ya wasichana wetu na ya wanawake wa India na Costa Rica, waliochanjwa dozi moja na kufuatiliwa kwa miaka mingi. Huko Kenya nako, wanawake vijana 2,275 walishiriki katika utafiti wao wa dozi moja, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kwamba iliwakinga vizuri sana.

Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba nchi zinaweza kutumia dozi moja, na mwaka 2024 Tanzania ikafanya hivyo kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kwa hiyo, binti wa Ruangwa anayechanjwa mara moja tu shuleni anafaidi ridhaa ya wasichana wa Mwanza, Kenya, India na Costa Rica, ambao hatawaona maishani mwake.

4. Daftari la saratani hufanyaje kazi?

Daftari la saratani ni kumbukumbu ya kila mgonjwa wa eneo fulani. Huandikwa jina lake, umri, jinsi, anakoishi, saratani ilianzia kiungo gani, ilithibitishwa kwa njia gani na tarehe ipi, na baadaye kama yu hai au amefariki. Kampala walianza daftari lao mwaka 1951. Hapa nchini, KCMC Moshi walianza mwaka 1998, na kazi hiyo inafanyika pia Dar es Salaam na Mwanza.

Tuchukue mgonjwa wa Ruangwa aliyepita Nyangao, akaenda Ndanda, na kuishia Ocean Road. Kila hospitali ikimhesabu kivyake, mtu mmoja amekuwa watatu. Ndiyo maana Shirika la Lyon limetengeneza programu ya kompyuta iitwayo CanReg, na huitoa bure. Programu hiyo husaidia kugundua jina lililoandikwa mara mbili, na huwezesha madaftari ya nchi mbalimbali kuandikwa kwa mpango mmoja ili yalinganishwe. Tangu mwaka 2012 madaftari ya Afrika yana mtandao wao wa kusaidiana na kufundishana.

Shirika hilo lilikadiria kwamba mwaka 2022 Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya wa saratani wapatao 45,000, na vifo karibu 30,000. Tuangalie neno "lilikadiria". Ni hesabu iliyotokana na madaftari machache, maana sehemu kubwa ya nchi haina daftari la aina hiyo. Mgonjwa anayefariki kijijini bila kupimwa hayumo katika daftari lolote, na asiyehesabiwa hapangiwi dawa wala mashine.

5. Fedha zinatoka wapi?

Sehemu kubwa ya fedha za utafiti huu imetoka nje. Ule wa Mwanza uligharamiwa na serikali ya Uingereza, mfuko wa Wellcome na wakfu wa Bill na Melinda Gates. Tunawashukuru. Lakini mwaka 2025 tuliona serikali ya Marekani ikipunguza kwa ghafla misaada yake ya nje, na huduma nyingi za afya Afrika zikayumba. Mwenye kutegemea chungu cha jirani hulala njaa siku jirani asipopika.

Mchango wa parokia hauwezi kununua mashine kubwa. Lakini tusiudharau. Utafiti mwingi huharibika kwa sababu mgonjwa hakurudi kliniki, na mara nyingi hakurudi kwa kukosa nauli. Kurasa zake zinabaki nusu: haijulikani kama alipona au alifariki. Nauli ya basi ya kwenda na kurudi Dar es Salaam, au malipo ya kupima kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe, ni msaada kwa mgonjwa na kwa utafiti pia.

6. Hofu zetu

Wapo wanaosema, "Damu zetu zinauzwa Ulaya." Hofu hii tusiicheke, maana mtu ana haki ya kujua kinachofanywa na mwili wake. Utafiti halali wa afya hapa nchini lazima uwe umepitishwa na kamati ya maadili, kama ile ya taifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Mshiriki hueleweshwa kwa lugha anayoijua, ndipo atie sahihi au dole gumba. Anaweza kukataa, au kujitoa katikati, bila kunyimwa matibabu. Ana haki ya kuuliza: sampuli yangu itapelekwa wapi? Nani ataiona? Matokeo tutaletewa? Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inalinda habari za mgonjwa. Taarifa zinapotumwa kwa watafiti wengine, majina huondolewa.

Asiyetaka kukujibu maswali haya, usimpe sahihi yako.

7. Tufanye nini?

(a) Tuwahi hospitali. Uvimbe usiopungua, kidonda kisichopona, damu isiyo ya kawaida kwa mwanamke, au chakula kukwama kooni: hizi ni dalili za kupimwa. Akina mama wa miaka 30 hadi 50 waulizie kipimo cha mlango wa kizazi katika kituo cha afya.

(b) Tuseme ukweli tunapoandikishwa. Tutaje kijiji tunachoishi, si kile alikofikia mgonjwa mjini kwa ndugu. Tutumie jina lilelile kila hospitali, na tutunze kadi na barua za rufaa.

(c) Daktari akishauri kukata kinyama cha kupima, tukubali. Kukata kinyama hakuenezi saratani kama wengi wanavyodhani. Bila kipimo hicho, daktari anaotea.

(d) Tumrudishe mgonjwa kliniki kwa tarehe yake. Akifariki, hospitali ipewe taarifa.

(e) Jumuiya iwe na mfuko mdogo wa nauli za wagonjwa, wenye daftari lake na mweka hazina anayesoma mapato na matumizi mbele ya wote. Msimu wa korosho na ufuta ni wakati mzuri wa kuutunisha.

(f) Tumuulize diwani wetu: katika bajeti ya halmashauri, uchunguzi wa saratani umetengewa kiasi gani?

Ndugu wasomaji, watoto wa West Nile waliotoa damu mwaka 1972 sasa ni wazee. Wengi wao hawakuugua kamwe ugonjwa ule. Walichotoa kiliwafaa watoto wa watu wengine. Na wetu nao watafaidika na kile ambacho sisi tutakubali kukitoa leo.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Je, katika Jumuiya yetu kuna mgonjwa wa saratani aliyeacha kliniki? Kwa sababu gani?
2. Tunaogopa nini tunapoombwa kushiriki katika utafiti? Ni maswali gani tumuulize mtafiti?
3. Mfuko wa nauli tuuanze lini, na nani atunze daftari?