Nini Kinachopungua Kitui na Makueni?

Husemwa kwamba watu wa Kitui na Makueni wanapungua. Kauli hii yahitaji kuchunguzwa. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 1,012,709 Kitui na 884,527 Makueni. Ile ya 2019 ikapata 1,136,187 na 987,653. Waliongezeka kwa takribani asilimia 12, ilhali Kenya nzima iliongezeka kwa asilimia 23. Kilichopungua, basi, si idadi bali fungu lao katika jumla ya Wakenya. Jambo hili si dogo, kwani idadi ya watu ni kigezo kimojawapo cha kuzigawia kaunti fedha za taifa.

Aidha, vijana wengi huhamia Nairobi na Mombasa, mashamba wakiwaachia wazee. Jamii hujibu kwa mwethya, desturi ya Wakamba ya kufanya kazi kwa pamoja, ambayo kwayo hujenga matuta na mabwawa ya mchanga. Baada ya ugatuzi wa 2013, serikali za kaunti zimejibu kwa viwanda: cha kusindika maembe huko Kalamba, Makueni, na cha nguo huko Syongila, Kitui. Mwethya huhifadhi ardhi. Kiwanda huleta ujira.

Hivyo, tutajapo "upungufu", tubainishe: ni wa watu, wa fungu, au wa mikono? Kila mmoja una dawa yake.