ATHARI ZA JOTO KALI KWA RISASI ZINAZOWEKWA NDANI YA MAGARI

Katika miezi ya kaskazi, tangu Disemba hadi Machi, joto la kivulini katika visiwa vya Unguja na Pemba hupita mara kwa mara nyuzijoto 30 za Sentigredi. Huo ndio wakati unaofaa kukumbushana jambo ambalo husahauliwa kwa kuwa madhara yake hayaonekani siku ile ile, nalo ni kuacha risasi ndani ya gari lililoegeshwa juani. Jambo hili linawahusu askari na walinzi waliokabidhiwa silaha, madereva wao, maofisa wanaotia saini vitabu vya ghala, na raia wachache wenye vibali vya bunduki. Aidha linawahusu wakaazi kwa jumla, kwani gari linapoungua barabarani wao ndio wa kwanza kukimbilia kusaidia.

1. Joto la ndani ya gari

Gari lililofungwa hupokea mwanga wa jua kupitia vioo. Viti, dashibodi na sakafu hupata moto, na joto hilo hukosa njia ya kutoka. Utafiti uliofanywa nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2005 ulipima magari yaliyoegeshwa juani katika siku ambazo joto la nje lilikuwa baina ya nyuzijoto 22 na 35. Kwa wastani joto la ndani lilipanda kwa nyuzijoto 22 katika muda wa saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo, yaani asilimia 80, ilitokea katika nusu saa ya mwanzo. Kuacha vioo wazi kidogo hakukuleta nafuu ya maana.

Kwa hiyo, siku yenye joto la nyuzijoto 33 nje, hewa ya ndani ya gari yaweza kufikia nyuzijoto 55. Kitu kilichowekwa juu ya dashibodi, au sanduku la chuma linalopigwa na jua moja kwa moja, huwa na joto kubwa zaidi ya hilo.

2. Kinachotokea ndani ya risasi

Risasi ina sehemu nne: ganda, fataki iliyo kitakoni mwa ganda, baruti, na kichwa chenyewe kinachoruka. Baruti ya siku hizi isiyotoa moshi mwingi hutengenezwa kwa nitroselulosi. Kemikali hii haitulii milele. Tangu siku inapotoka kiwandani huoza polepole, na katika kuoza kwake hutoa gesi zenye oksidi za naitrojeni. Gesi hizo zikibaki ndani huharakisha uozo uliobaki. Ili kuzuia hali hiyo, watengenezaji huchanganya baruti na dawa ya kutuliza, kama vile difenilamini, ambayo huzinasa gesi hizo kila zinapotoka. Hata hivyo dawa hiyo ina kiasi chake. Kila gesi inaponaswa, dawa hupungua, na ikishakwisha hairudi.

Joto ndilo linaloamua mwendo wa uozo huo. Kwa makadirio ya kawaida ya wanakemia, kila joto linapoongezeka kwa nyuzijoto 10, mwendo huwa mara mbili au zaidi. Tuseme ghala lina nyuzijoto 30 na gari lina nyuzijoto 60. Tofauti ni nyuzijoto 30, yaani hatua tatu: mara mbili, mara nne, mara nane. Saa moja ndani ya gari hilo huizeesha baruti sawa na saa nane ghalani. Risasi iliyoachwa garini saa sita kila mchana huwa imezeeka kwa saa 48 za ghala katika muda huo peke yake.

Hapa ndipo wengi hukosea. Hudhani kwamba risasi ikipoa usiku hurudi katika hali yake ya mwanzo. Haiwi hivyo. Ubaridi wa usiku hupunguza mwendo wa uozo tu, wala haurudishi dawa iliyokwisha tumika. Joto la leo hujumlishwa na la jana.

Juu ya hayo, kupanda na kushuka kwa joto hulegeza mahali ganda linapokutana na kichwa na fataki, na hewa yenye unyevunyevu na chumvi ya bahari hupenya. Hatima yake ni risasi isiyowaka, au inayochelewa kuwaka baada ya kufyatuliwa. Kwa askari aliye kazini, hilo ni jambo la kufa na kupona. Kadhalika risasi iliyo moto sana wakati wa kupigwa huunguza baruti yake kwa kasi zaidi, na msukumo ndani ya mtutu huongezeka kupita kiasi cha kawaida.

3. Je, risasi yaweza kulipuka kwa jua?

Risasi nzima ya bunduki ya kawaida hailipuki kwa joto la jua garini. Baruti yake huhitaji joto la kiasi cha nyuzijoto 160 au zaidi ili iwake, na gari lililoegeshwa halifikii hapo. Lakini gari likishika moto, joto hilo hufikiwa upesi. Risasi zilizo sandukuni hupasuka moja moja na vipande vya maganda hurushwa. Iliyomo ndani ya bunduki ni hatari zaidi, kwa kuwa hutoka mtutuni kwa nguvu zake zote.

Silaha kubwa zina hukumu nyingine. Fosforasi nyeupe, inayotiwa katika baadhi ya makombora ya moshi, huyeyuka kwa nyuzijoto 44, joto ambalo gari hulipata hata kabla ya adhuhuri. Nchini Kuwait, tarehe 11 Julai, 1991, moto ulizuka katika gari la jeshi la Marekani lililojaa makombora ya milimita 155, kutokana na hitilafu ya mtambo wa kupasha joto. Moto huo ulienea kwa magari mengine yaliyoegeshwa karibu yakiwa na shehena zao, na watu zaidi ya 50 walijeruhiwa.

4. Funzo la Saiprasi

Kisiwa cha Saiprasi kililipa gharama kubwa zaidi. Mwaka 2009 makontena 98 ya zana za kivita, yaliyozuiliwa kutoka meli iliyokuwa ikitoka Iran kwenda Syria, yalipangwa nje katika kituo cha jeshi la maji huko Mari. Kontena la chuma juani halina tofauti na gari lililofungwa. Makontena hayo yalipigwa na jua kwa zaidi ya miaka miwili, huku barua za tahadhari zikipita baina ya ofisi na ofisi. Mapema mwezi Julai 2011 kontena moja lilionekana limefura. Siku chache baadaye, alfajiri ya tarehe 11 Julai, shehena ililipuka na kuua watu 13, wakiwamo mkuu wa jeshi la maji na wazimamoto sita. Kituo cha umeme cha Vasilikos kilichokuwa jirani, kilichokuwa kikitoa karibu nusu ya umeme wa nchi, kiliharibiwa. Mwaka 2013 mahakama ilimtia hatiani aliyekuwa Waziri wa Ulinzi.

Walioandika barua hawakukosea. Kosa lilikuwa kwamba hakuna aliyeihamisha shehena. Barua haipunguzi joto.

5. Mambo ya kuzingatiwa

(a) Risasi zirudishwe ghalani kazi inapomalizika. Gari lisifanywe ghala, hata kwa usiku mmoja.

(b) Inapolazimu risasi kubaki garini, gari liegeshwe kivulini, na sanduku liwekwe chini, mbali na vioo, mtambo wa gari na bomba la moshi.

(c) Kitabu cha ghala kionyeshe tarehe ambayo risasi zilitoka na kurudi, na kama zilikaa juani. Zilizokaa juani zitengwe na zikaguliwe na fundi wa silaha.

(d) Zilizotangulia kuingia ghalani ndizo zitangulie kutoka.

(e) Sanduku lenye harufu kali ya kuchoma pua, mvuke wa rangi ya hudhurungi, au lililofura, lisifunguliwe wala lisisogezwe. Watu waondolewe, kisha mkubwa wa kazi aarifiwe papo hapo.

(f) Risasi ikikataa kuwaka, mtutu uendelee kuelekezwa mahali salama kwa angalau nusu dakika kabla ya bunduki kufunguliwa.

(g) Mwananchi anayeokota risasi au bomu asilichukue, asilichome, asilizike wala asilitupe baharini. Amwarifu Sheha wake au Kituo cha Polisi kilicho karibu.

(h) Gari lenye silaha likishika moto, watu wakae mbali nyuma ya ukuta, na wazimamoto waambiwe kilichomo kabla hawajalikaribia.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji fedha nyingi. Linalohitajika ni mtumishi anayeufungua mlango wa gari mwisho wa zamu, akahesabu kilichomo, na akakirudisha mahali pake kabla ya jua la kesho.